Matundu Nane

Seremala akiingia chumbani kwako na futi mkononi, usimdanganye kuhusu ukubwa wa chumba. Royce Tidwell alinidanganya mchana kweupe, nikiwa nimepiga magoti juu ya zulia lake na namba ziko mbele ya macho yangu.

"Chumba chenyewe kidogo, Darla," alisema. "Nitengenezee meza ya watu nane tu. Ile ya pande nane."

Nilisoma futi. Upana kumi na nne, urefu kumi na nane. Kazi yangu ni meza za poka, za kuchezea karata. Huku kwetu magharibi ya Texas, ambako kuna pamba na vumbi na barabara iliyonyooka mpaka inachosha, Jumamosi mchana mtu hana pa kwenda ila kwenye meza ya mwenzake, kwa hiyo sikosi kazi. Hesabu yake naijua hata usingizini. Kila mchezaji anataka futi mbili za ukingo ili viwiko visigombane. Nyuma ya viti acha futi tatu, watu wapite na sahani zao. Meza ya umbo la yai, urefu futi nane kwa upana wa nne, ingekaa mle na watu wake kumi, na bado Nelda, mke wa Royce, angewazunguka na sinia la nyama bila kumgusa mtu bega.

"Bwana Royce, humu inaingia ya watu kumi."

"Nane inatosha."

"Lakini mko tisa."

Alikwenda dirishani akatazama pikapu yangu kama vile anataka kuinunua.

Wa tisa, au wa kwanza ukipenda, ni baba yangu, Verlon Pettus. Ana miaka sabini na tisa na amecheza na kundi lile miaka thelathini na mmoja. Mama alipofariki alibaki na mambo mawili, mimi na Jumamosi. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Tangu hapo kila Ijumaa anapiga pasi shati lake kwa mkono wa kushoto, nusu saa nzima, na ole wako ujaribu kumsaidia. Jumamosi saa nane kasorobo yuko barazani, kofia kichwani, ananisubiri nimpeleke kwa Royce. Siku sita nyingine anazivumilia tu.

Walikuwa wakicheza kwenye meza ya kulia chakula ya Nelda. Meza ya namna hiyo haina ubaguzi. Mtu wa tisa anajibanza konani, kikombe chake anakitua popote, maisha yanaendelea. Meza ya pande nane haina kona ya kujibanza. Tena kuna matundu ya vikombe. Ukishayatoboa kwenye ukingo umeshahesabu viti, na asiye na tundu hana kiti. Hakuna mwanamume wa huku atakayekaa poka na kikombe amekipakata.

"Kitambaa rangi gani?" nilimuuliza, maana nilitaka kuona atafika wapi.

"Kijani. Kile ambacho karata zinateleza vizuri."

"Ukingo?"

"Sponji nene, ngozi nyeusi. Na mguu uwe mmoja wa katikati, magoti yasigongane."

Niliandika. Alichagua kila kitu kwa utulivu, kitambaa, ngozi, mguu, na kila nilipoandika nilizidi kupandwa na hasira, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Ndipo Nelda akaingia na bilauri mbili za chai baridi. Alinitazama mimi, akamtazama mumewe.

"Umeshamwambia?"

"Nelda."

"Nauliza tu."

Akatua bilauri mezani, akatoka haraka.

Nilisimama. "Nani hana tundu, bwana Royce?"

"Darla, mwanangu..."

"Mimi si mwanao. Mwanao angekutengenezea meza hii bure. Nani hana tundu?"

Akakaa. Royce ni mtu mkubwa, ana duka la chakula cha mifugo na sauti ya kuita ng'ombe, lakini siku hiyo sauti yake ilitoka nyembamba. "Tumeongea wote. Anachukua dakika tatu kutupa karata moja. Anashika karata zake, jirani anaziona zote. Mwezi uliopita alisema ana kopa tano, akazoa dau lote, kumbe ni kopa nne na uru mmoja. Tukamwachia. Unajua ilivyo vibaya kumwachia mtu kama Verlon?"

"Basi mwambieni."

"Nani amwambie? Wewe unaweza?"

Nikaanza kukunja futi yangu.

"Akija akakuta meza ya nane ataelewa mwenyewe," alisema. "Hakuna wa kumuaibisha. Na ukinitobolea tisa sitakuzuia, fundi ni wewe. Ila wenzangu wameshasema watahamia kwingine. Nitabaki mimi na yeye tunatazamana."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Lakini sijawahi kusikia aliyemwagiza binti wa mtu atengeneze mlango wa kumtolea baba yake. Nilipaswa kumwagia ile chai kifuani. Badala yake nilisema, "Itakuwa tayari Jumamosi," kwa sababu nilifikiri kwamba nikikataa watanunua meza ya kiwandani, na kwamba kazi ikiwa mikononi mwangu labda nitapata njia. Njia gani, sikujua.

Wiki ile nilikuwa mwongo. Baba huja karakanani kila asubuhi, hukaa kwenye kiti karibu na mlango na kupiga msasa vipande vidogo ninavyompa. Nilimwambia meza ni ya mteja wa Amarillo. Nilikata ubao wa pande nane nikaufunika shuka. Nilichora misalaba ya penseli mahali pa matundu, nikaifuta, nikajaribu kuichora tisa. Tisa kwenye pande nane ni uchafu, hata kipofu ataona kuna mtu aliyesukumizwa. Nikafuta tena, nikarudi kwenye nane. Nilikuwa silali vizuri na nilimkaripia kila aliyenipigia simu.

Alhamisi nilitoka kupokea skrubu kutoka kwa msafirishaji. Niliporudi shuka lilikuwa chini. Baba amesimama mbele ya ubao, kidole cha mkono mzima juu ya msalaba mmoja.

"Hii ya Royce," alisema.

"Ni ya Amarillo, baba."

"Darla."

Nikaokota shuka.

"Mwezi jana aliniuliza kitambaa gani kizuri. Mimi ndiye niliyemwambia achukue kijani." Alisogeza kidole kwenye msalaba uliofuata, kisha uliofuata, akazunguka meza yote akivuta mguu. Nilisikia kiatu chake kikikwaruza sakafu. Nilitamani apige kelele, aniite msaliti, avunje kitu. "Nane," alisema. "Amekwambia chumba ni kidogo?"

"Ndiyo."

Baba akacheka. Kicheko kile kiliniogopesha kuliko hasira.

"Unamkumbuka Otis Crenshaw?"

Nilimkumbuka kwa mbali. Mtu mwembamba, mcheshi, aliyekuwa akija kwetu mchezo ulipokuwa ukichezwa nyumbani kwetu, kabla mama hajaugua. Baadaye hakuja tena na mimi sikuuliza.

"Otis alianza kuwa kiziwi," baba alisema. "Kila kitu unamrudia mara tatu. 'Nani kapandisha dau? Kapandisha ngapi?' Mchezo ukawa mzigo. Hakuna aliyetaka kumwambia. Nikanunua meza ya pande nane, nikamwambia chumba ni kidogo. Royce alikuwepo. Alikuwa mgeni kwenye kundi, kijana. Alijifunza kwangu."

"Meza ile iliyokuwa sebuleni?"

"Hiyo hiyo."

Meza ile niliipenda. Nikiwa na miaka kumi na tisa nililala chali chini yake siku nzima nikitazama jinsi miguu ilivyoungwa. Ndiyo iliyonifanya niwe seremala. Nilimtazama baba yangu, mzee wa watu aliyepooza mkono, na kwa muda nilimchukia kama nilivyomchukia Royce. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Otis alifanya nini?"

"Alikuja Jumamosi iliyofuata na kiti chake mwenyewe, amekileta kwenye gari. Akasimama mlangoni nacho. Tulikuwa tumekaa wanane. Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nachanganya karata, nikaendelea kuchanganya." Akafuta mdomo, upande ule uliolegea. "Akarudisha kiti garini. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, nilikuwa nakutana naye dukani, tunaongea habari za mvua. Sikumwambia. Royce anakuja lini kukagua?"

"Kesho saa nne, kabla sijatoboa."

"Nitakuwepo."

"Baba, nitatoboa tisa. Nitatengeneza upya, nitafanya ya umbo la yai. Mbao ninazo."

"Usiguse kitu," alisema, kwa sauti ile ya zamani, ya kabla ya kiharusi.

Ijumaa hakupiga pasi shati. Alivaa la jana yake. Alikaa kwenye kiti chake cha mlangoni tangu saa tatu, na mimi nikafunga msumeno wa duara wa kutobolea matundu kwenye keekee ya umeme, nikaufungua, nikaufunga tena. Saa nne na dakika tano pikapu ya Royce ikaingia uani.

Alipomwona baba alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Verlon."

"Royce. Ingia, upepo unaleta vumbi."

Royce akaingia. Alitazama ubao, akanitazama mimi kwa jicho la lawama. Nami nilimtazama vivyo hivyo.

"Meza nzuri," baba alisema. "Kwa nini nane?"

"Chumba, Verlon. Unajua chumba changu..."

"Nakijua. Nimekaa humo miaka mingi. Kwa nini nane?"

"Nelda anataka nafasi ya kabati."

"Kwa nini nane?"

Royce alivua kofia, akaizungusha mikononi. Jasho lilimtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi. "Usinifanyie hivi, rafiki yangu. Mbele ya binti yako."

"Binti yangu ndiye uliyempa kazi. Mwache asikie."

"Nini unataka niseme?"

"Lile ambalo sikumwambia Otis."

Jina lile lilimpiga Royce. Niliona. Alitafuta pa kukaa, hapakuwa na kiti kingine, akabaki amesimama katikati ya vumbi la mbao kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nilifikiri atageuka aondoke, na nusu yangu ilitaka aondoke ili nimtukane akiwa amenipa mgongo. Baba hakumsaidia. Alisubiri kama anavyosubiri kwenye karata, dakika moja, mbili, na safari hii hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Hatutaki ucheze nasi tena, Verlon," Royce alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huwezi tena. Unakosea. Tunakuachia ushinde na tunaona haya, na ukiondoka tunakusema. Kila Jumamosi tunakusema. Mimi nachoka kukusema."

Nilishika ukingo wa ubao. Nilikuwa na nyundo karibu na mkono na namshukuru Mungu sikuitazama mara mbili.

Baba aliitikia kwa kichwa polepole. Alijiinua kwa kusukuma mkono wa kiti, akaenda mpaka kwa Royce, akampa mkono wa kushoto. Royce aliutazama, hakujua aushike vipi, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Asante," baba alisema. Halafu akanigeukia. "Toboa, mwanangu."

"Siwezi."

"Ni kazi. Toboa."

Nikawasha mashine. Msumeno wa duara unapoingia kwenye plaiwudi unapiga yowe, na kila tundu likikamilika kipande cha duara kinadondoka sakafuni. Wanaume wale wawili walisimama upande kwa upande wakitazama. Baada ya kila tundu nilizima mashine nipulize vumbi, na katika ule ukimya baba alihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Nilipofika la nne nilikuwa siioni tena penseli vizuri kwa machozi, nikafuta macho kwa kiwiko nikaendelea, maana tundu likienda upande meza nzima imeharibika. Tano. Sita. Royce alikuwa ameinamisha kichwa. Saba. Nane.

Nilizima mashine, nikachomoa waya ukutani.

"Tisa," baba alisema.

Alisema kwa mazoea tu, kama alivyohesabu watu kila Jumamosi kabla ya kugawa karata. Alijisikia akiitamka, akafunga mdomo. Alivaa kofia yake, akatoka kwenda kukaa ndani ya gari langu, na mimi na Royce tukabaki karakanani tukilia, kila mmoja upande wake wa meza.