Mtutu Mnene, Mtutu Mwembamba

Bwana Hartnell alipobadili nia mara ya tano, Dalmas Ajwang aliweka tupa mezani, akafuta mikono polepole kwa kitambaa, na kungoja hasira ishuke kidogo kabla ya kugeuka.

"Nimefikiri tena, fundi," bwana alisema kutoka mlangoni pa karakana. "Weka ule mnene."

"Jumatatu ulisema mwembamba, bwana."

"Jumatatu nilikuwa sijamaliza kusoma kitabu."

Dalmas alikuwa fundi wa bunduki mjini Thika. Kazi hiyo aliijulia jeshini, wakati wa vita vya Burma, na sasa aliifanya katika karakana ya Mhindi mmoja karibu na stesheni. Bwana Hartnell alikuwa na shamba la kahawa upande wa Ruiru, na bunduki ambayo mtutu wake ulikuwa umelika ndani hata risasi ikawa inakwenda inakotaka yenyewe. Alitaka mtutu mpya wa kupigia wanyama wa mbali. Mitutu miwili ikaletwa kutoka Uingereza, mmoja mnene, mrefu, mzito kama mtaimbo. Wa pili mwembamba na mfupi kidogo. Kuchagua ndiko kulikomshinda.

Wala haikuwa kazi ya kuchomoa na kuchomeka. Mti wa bunduki, ile mbao inayoshika mtutu, ulitakiwa uchongwe mfereji wa kulaza mtutu, na ukishachongwa kwa ajili ya ule mnene, mwembamba ungecheza ndani kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake. Isitoshe, siku hizo za Hali ya Hatari bunduki haikuruhusiwa kulala karakanani. Kila jioni Dalmas aliipeleka kituo cha polisi akisindikizwa na askari, na kila asubuhi alipanga foleni na barua na kipande chake cha utambulisho kwenda kuichukua. Wiki tatu alikuwa ameitembeza hivyo kama mbuzi wa kukodi, bila kuichonga hata unyuzi mmoja.

"Twende tukajaribu," alisema mwishowe. "Uone kwa macho yako."

Jumamosi, yule Mhindi tajiri wake akampa bwana bunduki mbili za dukani, moja yenye mtutu kama ule mnene, nyingine kama mwembamba. Wakaenda kwenye uwanda mkavu wa Gatuanyaga pamoja na Kaleli, Mkamba wa makamo ambaye alikuwa amembebea bwana bunduki kwa miaka kumi na mmoja. Kaleli alibandika karatasi kwenye sanduku, hatua mia tatu.

Bwana alilala kifudifudi akapiga. Risasi tano za mtutu mnene zilikaa mahali ambapo kiganja kingezifunika. Za mwembamba, mbili za kwanza zilipiga katikati, ya tatu ikapanda, ya nne ikapanda zaidi, ya tano haikuonekana kwenye karatasi.

"Umeona?" bwana alisema kwa furaha. "Mnene."

Kaleli aliinama, akaitupia bunduki ile nzito begani na kushusha pumzi. Dalmas alimwona, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia.

"Bwana, kongoni mmoja unampiga risasi ngapi?"

"Moja. Mara chache mbili."

"Na mbili za kwanza za huu mwembamba zimekwenda wapi?"

Bwana alitazama upande wa sanduku.

"Mtutu mwembamba hupotoka ukishapata moto. Kongoni hatakungoja mpaka upate moto."

"Lakini huu mnene haupotoki kabisa."

"Basi ubebe mwenyewe. Mpaka kwenye ule mgunga, halafu urudi."

Kaleli alitazama chini. Hakuna aliyezungumza na mzungu namna hiyo mwaka ule. Dalmas aliona kazi imeota mbawa. Uso wa bwana uliiva. Kisha, labda kwa hasira tu, aliinyakua bunduki akaondoka.

Mgunga ulikuwa mbali kuliko ulivyoonekana. Aliporudi alikuwa amebadilisha bega mara nne, na shati limemgandama.

"Sasa piga umesimama, kabla hujapumzika," Dalmas alisema.

Alipiga. Vumbi liliruka hatua nzima kushoto mwa sanduku. Bwana alikaa juu ya jiwe kwa muda, akihema, kisha akamgeukia Kaleli.

"Kwa nini hukuniambia kwamba uzito ni kitu kikubwa hivi?"

"Hukuniuliza, bwana."

Akachagua mwembamba. Dalmas hakumpa nafasi. Waliporudi mjini alichukua patasi gari likiwa bado linanguruma nje, na bwana alipokuja Jumatatu akianza, "Nimefikiri, fundi," alimwonyesha mti uliokwisha kuchongwa na maranda ya mbao sakafuni.

"Umechongwa, bwana. Haurudi."

Mwezi uliofuata Kaleli alifika karakanani na paja la kongoni ndani ya gunia.

"Risasi moja," alisema. "Mbali sana. Amewaambia wageni wote kwamba mtutu aliuchagua mwenyewe, siku ya kwanza tu."

Dalmas alilipokea gunia. Aliuliza kama kuna chumvi nyumbani kwa Kaleli, kwa maana kwake ilikuwa imekwisha.