Nimelia Vizuri, Anko?

Viatu vya visigino vilikuwa vidogo kwake kwa namba nzima, lakini Reginald, mwongozaji wa tamthilia, alisema mtu mzima havai ndala kwenye msiba wa matajiri, kwa hiyo Simaloi alivivaa. Alikuwa amesimama navyo tangu saa mbili asubuhi katika sebule ya Mama Jyoti, pale Sakina, nyumba waliyoikodi kwa siku moja tu. Katikati ya sebule kulikuwa na jeneza tupu lililoazimwa kwa seremala. Wanawake kumi na wawili wa kwaya, walioletwa kuwa waombolezaji, walikaa mkekani wakinywa chai ya maziwa na kunong'onezana kama kweli yule binti ndiye Tabea.

Ndiye. Kwa miaka kumi nchi nzima ilimjua kwa jina hilo: Tabea, yatima wa kwenye tamthilia, katoto kenye pengo kalikolia mpaka watu wazima wakazima televisheni. Mwaka huu alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa. Alikwishabisha hodi kwa watengenezaji filamu watano, na wote walimjibu yaleyale, kwamba watazamaji hawatavumilia kumwona Tabea akiolewa. Reginald peke yake ndiye aliyempigia simu. Reginald ndiye aliyemtoa kijijini kwao, Olmotonyi, akiwa na miaka tisa, na sasa alikuwa anairudisha tamthilia, Tabea akiwa mtu mzima. Simaloi alikubali kabla hata hajamaliza kuelezwa, na Reginald akadhani ni njaa.

Haikuwa njaa. Alimchukia. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, akilala na akiamka, na kwa miaka saba alikuwa anangoja kusimama naye chumba kimoja kamera ikiwa imewashwa.

Kwa Reginald hakukuwa na mswada. Asubuhi aliwakusanya waigizaji, akawasimulia kisa kwa mdomo, basi. Maneno mtayapata hukohuko mbele ya kamera. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, na alijisifu kwamba hakuna mwandishi wa kumlisha mtu maneno. Leo kisa kilikuwa chepesi. Tabea anamzika mama wa kambo aliyemtesa, anasimama kando ya jeneza, anamsamehe mbele ya watu.

"Mwishoni nataka machozi," alimwambia. "Ya kweli. Unanijua."

Alimjua vizuri mno. Siku ya kwanza kabisa ya kurekodi, huko Tengeru, machozi yaligoma. Walijaribu kitunguu, wakajaribu dawa ya kuchua, macho yakawa mekundu tu. Ndipo Reginald akachuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mabega, akamwambia wamepiga simu kutoka nyumbani, mama yake amefariki. Kamera ilikuwa imeshawashwa. Mtoto alijitupa chini akagaragara mpaka udongo ukamwingia mdomoni. Walipomaliza wakampa soda, wakamwambia walikuwa wanamtania, mama ni mzima, yuko shambani. Watu wote pale walijua tangu mwanzo. Wengine walicheka, wengine walijifanya wanakunja nyaya. Sini ile, kipande kimoja tu cha tamthilia, ndiyo iliyompa Reginald jina.

Basi ikawa ndiyo njia ya kazi. Kila machozi yalipohitajika, mama yake Simaloi alifishwa. Alikufa kwa gari, kwa nyoka, kwa radi, mara moja alikufa kwa kuangukiwa na mti. Kufikia miaka kumi na miwili mtoto alikuwa ameshauelewa mchezo. Akiambiwa, alihesabu moyoni mpaka tatu, akayaachia machozi, kisha akauliza, "Nimelia vizuri, Anko?" Na Anko alikuwa anamsifu kwamba amekuwa msanii kamili.

Kisha mama yake, Elinaza, akafa kweli, siku ya Jumatano, akijifungua. Baba yake, mzee Efraimu, alipiga simu ya Reginald, maana mtoto hakuwa na simu. Reginald alimpa pole nyingi. Akamwambia mtoto ameshaambiwa, amelia sana, na daktari ameshauri asisafirishwe katika hali ile. Mzee wa watu akamwamini, akashukuru hata kwa huyo daktari. Zilikuwa zimebaki sini saba. Elinaza alizikwa Jumamosi, na udongo ambao mtoto wa kwanza ndiye angetangulia kuutupa, ulitupwa na shangazi.

Jumapili, sini ya mwisho, Reginald akachuchumaa mbele ya Simaloi na kwa mara ya kwanza akamwambia ukweli. Alitaka kuunasa uso wenyewe, wa kweli, kwa kamera. Simaloi akahesabu mpaka tatu. Akalia kwa ustadi wake wote. Akauliza swali lake. Naftali, mpiga kamera, alikuwa anaangalia viatu vyake. Njiani kurudi Olmotonyi mtoto alikunywa soda yote, akaimba kidogo, mpaka gari lilipopinda na yeye akaona kaburi nyuma ya migomba.

Hayo ndiyo aliyokuja nayo Sakina. Hakutaka kumpiga mtu wala kumloga. Alitaka amtaje Reginald kwa jina, kwenye tamthilia yake mwenyewe, ili asipate tena pa kuuficha uso wake.

Naftali aliwasha kamera. Wanawake wa kwaya waliweka vikombe chini. Simaloi alisogea hadi kwenye jeneza, akalipa mgongo.

"Sisamehe," alisema.

Reginald, kwenye kiti chake cha kukunja, aliinua kichwa.

"Mama yangu aliitwa Elinaza. Alifariki Jumatano, wakamzika Jumamosi, mimi nikaambiwa Jumapili, kwa sababu Reginald alikuwa amebakiza sini saba. Huyo hapo, amekaa kwenye kiti. Alimuua mama yangu kwa mdomo wake kila alipotaka nilie, na alipokufa kweli akanificha. Nilimlilia mama yangu kwa uongo. Nikapewa soda. Naftali, ulikuwepo. Sema kama nasingizia."

Naftali aliendelea kuusogeza uso wa Simaloi karibu, karibu zaidi. Mwanamke mmoja wa kwaya aliangua kilio, wenzake wakamfuata, na sebule yote ikawa msiba kweli. Simaloi hakuwa na chozi hata moja. Alikuwa anamtazama Reginald, akingoja ainuke, akasirike, aombe kamera izimwe. Mtu yule hakuinuka. Aliegemeza kidevu mkononi akasikiliza hadi neno la mwisho, ndipo akasema, "Kata."

Kisha akapiga makofi.

"Hiyo hatuipati tena hata tukikesha," alisema. "Hakuna kurudia. Jina langu tutaliziba."

Mama Jyoti, mwenye nyumba, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na miwani mkononi, ndiye mtu pekee aliyeuliza.

"Mwanangu, haya mambo ni ya kweli?"

Simaloi alifungua kinywa, Reginald akamtangulia. "Ndiyo uigizaji huo, mama. Akiulizwa hivyo na mtu mzima kama wewe, ujue binti amekua."

Na kweli jina waliliziba. Ilipoonyeshwa, kila Simaloi alipotaja Reginald, kwaya iliingia kwa sauti tamu kabisa. Aliposema huyo hapo, picha ilihamia kwa mwigizaji aliyecheza kama baba yake Tabea, mzee mpole aliyeinamisha uso kwa aibu. Habari ya sini saba ilikatwa. Naftali akakatwa. Kilichobaki ni binti mwenye uchungu mkavu, na watu walikipenda hicho mno. Kinyozi aliacha kunyoa, wauza mboga walikirushiana kwenye simu, na barabarani Sakina akina mama walimkumbatia wakimwambia kwamba amewazidi waigizaji wote wakubwa. Hakuna aliyeuliza mama huyo alikuwa mama wa nani. Alipowaeleza, walimshika mkono wakacheka kwa huruma, wakasema mpaka sasa kisa hakijamtoka.

Wiki ya pili alikwenda ofisi moja ya serikali mjini, ambako alielekezwa kwamba malalamiko ya watoto walioajiriwa hupokelewa. Alivaa ndala zake. Afisa aliyempokea, Bwana Fanuel, mtu wa makamo mwenye sauti ya kanisani, alisimama kumsalimia.

"Shikamoo," alisema Simaloi.

"Marahaba, Tabea. Karibu sana."

"Naitwa Simaloi Efraimu."

"Hata usijitambulishe. Hapa tunakujua."

Alieleza yote tangu Tengeru, taratibu, akitaja siku na watu. Bwana Fanuel alitoa fomu, akafungua kalamu, akasikiliza kichwa kikiwa upande. Akauliza kama baba yake alisaini mkataba. Alisaini. Akauliza kama kuna shahidi. Naftali ameajiriwa na Reginald hadi leo. Akauliza kama upo ushahidi wowote wa picha, na Simaloi akasema upo, hata yeye afisa ameuona, nchi nzima imeuona. Bwana Fanuel akatabasamu, akaenda mlangoni akawaita wenzake, wakaja watano na simu zao.

"Waambie pale pa soda," alimwomba. "Polepole, kama vile ulivyosema."

Simaloi alisema hataki. Alikuja kushtaki, hakuja kuigiza. Sauti ilimkatika hapohapo, na machozi ambayo hayakutoka Sakina, wala kaburini, yalimshuka bila kuhesabiwa, yakamlowesha kifua. Alishika ukingo wa meza asianguke. Wale watu wakaendelea kurekodi. Alipovuta pumzi, wakapiga makofi.

Bwana Fanuel alijifuta macho, akaigeuza fomu upande wake mtupu na kumsogezea kalamu. Alimwomba sahihi kwa ajili ya binti yake, ambaye naye anataka kuwa msanii. Simaloi akaandika jina la Reginald kwa herufi kubwa, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Bwana Fanuel alilisoma, akacheka, akaikunja fomu vizuri mara nne na kuitia mfuko wa shati.

"Mwambie Reginald," alisema akimsindikiza mlangoni, "ofisi nzima inamsalimia."