Nani Anabakia na Kamba

Daftari lilirudi kutoka kwa mhariri likiwa jembamba. Mechack aliketi nyuma ya meza yake ya kutengeneza simu, pale Manika, akahesabu kurasa mara mbili. Sura ya tisa yote haikuwamo. Na si sura nyingine, ni hiyo hiyo ya tisa, ambamo mashujaa watano wanashuka shimoni kwa Malkia wa Shaba. Miezi mitatu aliiandika, na kwa maoni yake hakuna mwingine Kolwezi nzima aliyeiweza.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukaa na kusimuliana: mmoja anasoma hadithi, wengine wanakuwa mashujaa, na dadu inaamua nani apone. Mchapishaji wa Lubumbashi aliukubali kwa sharti moja, upite kwanza kwa mhariri. Ndipo alipotajwa mama Blandine, mwanamke anayewapigia watu chapa barua zao karibu na soko. Eti alikuwa amehariri vitabu vinne. Mechack alivitafuta vyote, akavipekua toka jalada hadi jalada. Jina la Blandine halikuwamo hata katika kimoja. Tangu siku hiyo usingizi wake haukuwa mzuri. Mtu afanye kazi vitabu vinne asitajwe popote? Anayekwepa kuacha jina ana lake jambo.

Dada yake Shekina ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto.

"Yaya Mechack, ule mama nilimuona kule kwa bachimbaji na makaratasi yako. Kuko mutu alikuwa anapiga picha na telefone."

"Picha ya nini?"

"Ya makaratasi, hapana ya uso yake!"

Mechack alifunga meza mchana kweupe, akaruka juu ya pikipiki ya kwanza. Njia nzima alijipangia: atanyakua kurasa zake, atakitengeneza kitabu peke yake, na mchapishaji akikataa, shauri yake.

Aliwakuta kule machimboni, nyuma ya turubai. Wanaume watano, vumbi hadi kwenye kope, wameketi juu ya mifuko mitupu. Katikati yao Blandine, miwani puani, anasoma. Mechack alijibanza kusikiliza. Yalikuwa maneno yake, lakini yamenyolewa. Beti nane za kumsifu Malkia zimekuwa mbili! Na wale watu walikuwa wanacheka.

"Mwizi!" alifoka, akatokeza.

Blandine hakushtuka hata kidogo. "Ikala chini, Mechack. Umefika wakati muzuri."

"Mi siwezi kuikala na mwizi."

"Ee! Huyu njo mwenye kutuuwa?" aliuliza Kanku, mkuu wa lile kundi, akimpima toka kichwani hadi viatuni. "Angalia viatu, bandugu. Viatu ya ofisi."

"Nimemuua nani mimi?"

"Siye bote. Bantu batano banashuka mu shimo, bote batano. Nani anabakia kule juu na kamba?"

"Ni mashujaa," alisema Mechack.

"Basi bafwe na bushujaa bwabo. Weye uliingiaka mu shimo, hata siku moja?"

Blandine akamweleza Mechack kwamba walikuwa wameujaribu mchezo mara nne, na mara zote nne ulikufa pale pale: wanaume wanaweka dadu chini, hawashuki. Kanku alikuwa amezipiga picha kurasa hizo, akamtumia ndugu yake mchimbaji wa Fungurume. Naye aliuliza swali lile lile.

"Na beti zangu?" Mechack hakuwa tayari kushindwa. "Mbona umezikata?"

"Mulumba alilala. Alikoroma."

"Sikukoroma!" alisema mmoja wao.

"Ulikoroma, tata Mulumba," alisema Blandine. "Malkia mwenyewe alikusikia."

Mechack alizipokonya kurasa. Alizisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, akitafuta neno moja tu la Blandine ili amshike nalo. Hakuliona. Kila neno lilikuwa lake, na yale aliyoyaona dhaifu tangu mwanzo, akaona haya kuyafuta, yamepigwa mstari mwembamba wa penseli, wa kufutika. Pembeni kulikuwa na alama za kuuliza tu.

"Ukikataa, nitayarudisha," alisema Blandine. "Kitabu ni yako."

Angeweza kuondoka. Pikipiki ilikuwa bado inamngoja. Akaketi juu ya mfuko.

"Aongezwe wa sita," alisema, sauti ikiwa bado na hasira. "Wa kushika kamba. Lakini yeye atapata nini? Malkia hatamwona. Hatapigana na mtu."

Kanku alimshangaa. "Kwetu, mifuko ikishapanda, jina ya mutu wa kamba njo inaitwaka ya kwanza, mbele ya ule alichimba. Tunaiita na nguvu, bote basikie."

Mechack aliandika hayo pembeni, polepole. Kalamu ikasimama. Akamgeukia mhariri wake.

"Mama Blandine, majina yako yote ni gani?"

Blandine alivua miwani. Akavuta mkoba wake karibu na goti.

"Juu ya nini unauliza? Unataka kunipeleka kwa polisi?"

"Sema tu," alisema Mechack, akiipeleka kalamu juu kabisa ya ukurasa. "Na nguvu. Hawa bote basikie."