Kobe wa Darasa la Nne

Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna mtoto aliyewahi kumkamata mwalimu wa hesabu wa darasa la nne akisitasita. Ukimuuliza tisa mara sita, jibu lilitoka kabla hujafunga mdomo. Watoto wakambandika jina la Kikokotoo, naye akajifanya halijui, ingawa alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Siri yake ilikuwa ukutani. Jedwali la kuzidisha lilibandikwa nyuma ya darasa, juu ya kabati la chaki, mahali ambapo watoto wakikaa wanaligeuzia mgongo na mwalimu akisimama anatazamana nalo. Mgeni aliyeuliza kwa nini halikuwekwa mbele aliambiwa kwamba mtoto akiliona hatajisumbua kulishika kichwani. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaanza kuyaamini. Za mbili hadi za tano alizijua kama njia ya kwenda kwao. Kuanzia za sita, na hasa ile saba mara nane, alikuwa anasoma tu.

Likizo moja mwalimu mkuu akapaka madarasa yote rangi nyeupe, jedwali likaenda na takataka. Badala yake yakaja maboksi mawili ya vishikwambi, na ndani ya kila kishikwambi mchezo mmoja. Swali linatokea, yai linadondoka kutoka juu. Ukijibu upesi linatua kikapuni, ukichelewa au ukikosea linapasuka kwa sauti. Kila mtoto alijichagulia mnyama wake kwa siri, asije akaona haya mbele ya wenzake, na kila Ijumaa orodha ya wanyama ilimulikwa ukutani kuanzia hodari mpaka wa mwisho. Mwalimu mkuu aliyaeleza haya yote kwa furaha ya mtu ambaye hataingia darasani.

Wiki ya kwanza Kikokotoo alifundisha huku akiukodolea macho ukuta mweupe. Mtoto akiuliza swali, alilirusha kwa mtoto mwingine na kusema siku hizi elimu ni kushirikiana. Hata yeye aliona kwamba ushirikiano huo hautafika mbali. Basi akabeba kishikwambi kimoja kwenda nacho nyumbani, akajiandikisha, akachagua kobe. Alidhani mchezo utamtambua kuwa ni mtu mzima na kumweka kando. Mchezo haukumtambua.

Kila alasiri, chai ikiwa jikoni, alikaa sebuleni akipambana. Siku ya tatu mumewe, fundi viatu, mtu asiye na maneno mengi, aliuliza kutoka chumbani ni mayai gani hayo yanayopasuka kutwa na wao hawafugi kuku. Akajibiwa kwamba ni kazi ya shule.

Ijumaa ikafika, orodha ikamulikwa, na pale chini kabisa akaonekana Kobe na mayai sitini na moja yaliyopasuka. Darasa likaangua kicheko. Kikokotoo naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Ijumaa ya tatu kicheko peke yake hakikutosha. Watu walitaka kumjua mhusika. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyeitwa Spika, kwa sababu akinong'ona darasa la sita linasikia. Spika akatangaza kwamba amechunguza na amegundua: Kobe ni Taratibu. Taratibu alikuwa msichana wa dawati la mbele, ambaye alichonga penseli taratibu, akatembea taratibu, na akijibu swali wenzake walikuwa wameshalisahau. Msichana hakukubali wala hakukana. Tangu siku hiyo akipita uwanjani walimpisha njia kwa heshima za mzaha, wakimuuliza kama amebakiza yai hata moja la kesho.

Kikokotoo aliwakemea. Lakini alikemea kama mtu anayejua jambo na halisemi, na aibu hiyo ilimkaa rohoni. Jioni moja aligundua kwamba mchezo una mahali pa kubonyeza ili kumfuta mnyama. Kidole chake kilikaa juu ya pale muda mrefu. Angemfuta Kobe, na yeye angebaki Kikokotoo mpaka astaafu. Ila mtoto wa watu naye angebaki Kobe, na hilo hakuna pa kulifutia. Akaondoa kidole, na bado hakujua atafanya nini.

Jumatano, wenzake walipotoka, Taratibu alibaki kukusanya vishikwambi. Alikusanya kwa mwendo wake, kimoja kimoja.

"Mwalimu," akasema alipofika cha mwisho, "wanyama wako thelathini na watatu. Sisi tuko thelathini na wawili."

Kikokotoo akaendelea kupanga vishikwambi vilivyokwisha kupangwa.

"Wewe ni mnyama gani, mwanangu?"

"Pundamilia. Wa kumi na moja."

Mwalimu akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini basi hakuwaambia wenzake akajiepusha na maudhi yote yale.

"Ningewaambia, wangemtafuta mwingine," alisema Taratibu. "Wangehesabu."

Akafunga boksi, akaaga, akaenda zake.

Ijumaa orodha ilipomulikwa, Spika alishavuta pumzi. Kikokotoo akamtangulia.

"Kobe ni mimi," alisema. "Jedwali lilikuwa pale nyuma, nami nilikuwa nalisoma. Taratibu ameteswa kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza. Naomba anisamehe."

Vichwa thelathini na viwili viligeuka kuutazama ukuta mweupe, kisha vikarudi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Spika aliongea kwa sauti ya kawaida. Akauliza, hata saba mara nane?

"Hasa hiyo," alisema mwalimu.

Ikawa lazima aonekane akicheza. Wakamwekea kiti mbele ya darasa, Taratibu akamshikia kishikwambi, na mayai yakaanza kudondoka ukutani, makubwa kama maboga. Walikuwa watoto waliolelewa vizuri: kila yai lilipopasuka, darasa zima lilisema pole, mwalimu. Pole zilifika kumi na tisa. Kisha likaja swali lenyewe, saba mara nane, na watoto wakajiziba midomo kwa mikono miwili wasije wakamwambia. Kikokotoo akafikiri, akatoka jasho, akaandika hamsini na nne.

Pole ya mara hii ilisikika mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Taratibu akasogeza kiti chake karibu na cha mwalimu, akabonyeza pale pa kuanza upya.