Gari Lilibonyea Mambrui

Awadh alirudi kwangu na bampa la nyuma limebonyea, taa moja ina ufa. Mume wangu ana wake wawili: mimi hapa Malindi, na Ruqaiya kule Mambrui. Hulala kwetu kwa zamu, na gari humfuata yeye. Wivu ninao, sikatai. Mwenye mke mwenza akiniambia hana wivu, namtazama tu.

"Kitu kidogo," alisema kabla sijauliza. "Fundi wa hapa mtaani Kisumu Ndogo ataligonga linyooke."

"Na bima twailipia nini?"

"Tukidai kwa mbonyeo huu, mwakani watatupandishia malipo. Na sehemu ya kwanza ya gharama twalipa wenyewe. Haina maana, Mama Nasiba."

Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonishtua. Mwaka juzi bodaboda ilipomkwaruzia mlango, Awadh huyu huyu alishinda kituo cha polisi na kwa wakala wa bima mpaka mlango ukapakwa rangi mpya. Leo amekuwa mpole ghafla.

Nikaenda garini kutoa samaki aliowaleta. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mto mdogo wa sebuleni, unanukia udi. Awadh kichwa chake hugusa paa la gari. Ruqaiya ni mfupi, bila kuinuliwa haoni mbele.

Nilirudi na mto mkononi. "Ukidai, utawaambia nani alikuwa akiendesha?"

Akaketi. Awadh ana makosa yake, lakini uongo wa kutia sahihi hauwezi.

"Ruqaiya," akasema. "Namfundisha. Alirudi nyuma akagonga ukuta wa jirani. Hana hata leseni ya kujifunzia. Bima hawatalipa, na mimi siwezi kusema n'likuwa mimi."

Nilimwomba Awadh anifundishe gari kabla Nasiba hajazaliwa, na sasa Nasiba yuko sekondari. Kila nikiomba, hunijibu: tuktuk ni nyingi, moyo wako mwepesi, utaua mtu. Nikaridhika. Nimepanda hizo tuktuk na vikapu vyangu, mvua na jua, nikijisifu kwamba mume wangu ananihofia. Kumbe alilihofia gari, na kwa Ruqaiya gari si kitu.

"Alilia alipogonga?" niliuliza.

"Alicheka," akasema, na mwenyewe akatabasamu bila kujijua.

Ningemsamehe bampa, taa na leseni. Tabasamu lile sikuliweza.

Nikamnyooshea mkono. "Lete ufunguo."

"Waenda wapi?"

"Twaenda wote, kule kiwanjani. Leo zamu yangu, wanifundisha. Bima tuiache. Na fundi usimwite bado, subiri na mimi niligonge."

Alicheka. Nilimngoja amalize, mkono bado umenyooka, mpaka akaingiza wake mfukoni, akautoa ufunguo.