Shingo ya Besi ya Okwara

Akurut alikuwa ameinamia randa mgeni alipoingia, na kitu cha kwanza alichokiona ni miguu yake. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, maji yakidondokea unga wa mbao, na Malaba haikuwa imeonja mvua kwa wiki kadhaa.

"Habari ya kazi, dada. Ni wewe unatengeneza magitaa?"

"Ni mimi. Karibu, boss. Umepitia wapi na maji hivyo?"

"Nimetoka mbali." Alitazama kuta kana kwamba anatafuta mtu anayemjua. "Nataka besi ya nyuzi nne. Shingo yake iwe pana."

Akurut alifurahi. Tangu baba yake Omagor afariki na kumwachia kibanda kile, watu walimletea spika zilizopasuka na redio zilizokufa. Wa kuagiza gitaa jipya walikuwa haba kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

"Kila mkono una shingo yake," Omagor alizoea kusema, na alimfundisha binti yake kupima kabla ya kugusa ubao. Kwa kila mteja Akurut alichonga kipande cha mgomba kibichi kwa unene wa shingo ya gitaa, akachomeka vijiti vya meno kwenye ncha zake na kuvuta nyuzi za kushonea juu yake. Mteja akikishika, vidole viliacha alama kwenye mgomba laini, na alama hizo zikamwonyesha upana unaofaa. Vijiti navyo alivisogeza kidogo kidogo, mpaka vidole vya mkono wa kulia viruke uzi hadi uzi bila kugongana wala kutafutana.

Alimnyooshea mgeni kipande kipya. Mgeni akaruka nyuma, mgongo wake ukagonga mlango.

"Usinipe hicho!"

"Ni mgomba tu, boss."

"Najua ni nini." Alipumua kwanza. "Naitwa Okwara, kwetu ni upande wa Funyula. Boti yetu ilizama ziwani. Wakanitafuta mpaka wakachoka. Kwetu mwili usipopatikana, mgomba ndio unazikwa. Wakaukata mmoja, wakaufunga blanketi langu, wakaulilia, wakaufukia. Mimi nikafika nyumbani baadaye. Mama aliniangalia kupitia dirisha, dada. Aliangalia tu. Mtu akishazikwa hafunguliwi mlango."

Kwenye kibanda cha pili, Emorut, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amezima mashine yake ili asikie vizuri.

"Akurut! Huyo atakulipa kwa noti za wapi? Za ahera?"

Okwara akacheka pamoja naye. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka sana, na hicho ndicho kilichomshika Akurut moyo.

"Basi nipe mkono," alisema. "Nitakupima kwa mkono wangu."

"Watu hawanishiki."

"Mimi sikushiki. Nakupima."

Waliweka kiganja juu ya kiganja. Mkono wa Okwara ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi, na kila kidole kilimpita Akurut kwa pingili nzima. Akamwambia apige nyuzi za hewani ukingoni mwa meza. Vidole vikatembea kwa mapana, bila haraka. Huyu alikuwa mpigaji kweli.

"Nyuzi zikibanana, vidole vyako vitakanyagana," Akurut alisema. "Nitaziachia nafasi huku kwenye daraja la gitaa. Na huku juu shingo ibaki pana, usijikunje."

"Ubao upo?"

Ubao ulikuwa mmoja tu. Ulining'inia darini, mvule ambao Omagor aliukausha miaka mingi kwa ajili ya bintiye, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kidogo na besi ya kanisa kule Amagoro ilimtia ganzi kabla ya ubeti wa pili. Mwalimu wa kwaya, Methuselah, alikuwa ameshamwambia: "Pata besi ya mkono wako. Pasaka utapiga wewe, na utaendelea kupiga."

Alitazama dari. Akamtazama mtu ambaye mama yake alimwangalia kupitia dirisha.

"Upo," alisema.

"Nitakuja siku ya soko. Nikichelewa, usiipunguze. Watu hupenda kupunguza vya mtu asiyekuwepo."

"Sitaipunguza."

Siku ya soko ilikuja ikapita, na nyingine nayo ikapita. Besi ilining'inia kwenye msumari, imekamilika, shingo yake pana. Akurut alipoijaribu, kifundo cha mkono kilimlilia.

"Piga randa huku na huku, sogeza nyuzi, iwe yako," Emorut alimwambia. "Kwani maiti ana mkono?"

Kwa ufundi alisema kweli. Shingo pana hupunguzwa ikawa nyembamba. Lakini kilichoondolewa na randa hakirudi, na hakuna gundi ya kukirudisha.

Malori yaliyopanga foleni ya mpaka yakiunguruma, uzi mnene wa besi uliitika. Hilo halikumshangaza mtu. Kisha madereva wakagoma, injini zote zikazimwa, Malaba ikawa kimya hata ukasikia kuku wakiparua ng'ambo ya barabara. Adhuhuri ya siku hiyo uzi ukalia. Sauti mbili nzito, kimya, kisha sauti mbili tena.

Emorut aliingiza kichwa mlangoni. "Ni upepo, eti?"

Hakuna jani lililotikisika. Kuanzia siku hiyo alihamisha kiti chake upande wa pili wa kibanda chake.

Mkesha wa Pasaka, kabla jua halijapanda, Akurut aliishusha besi, akaibana kwenye jiliwa na kuweka randa ukingoni mwa shingo. Ulibaki msukumo mmoja tu. Akasita, akakumbuka kwamba hajapima mkono wake. Akanyoosha mkono rafuni, akachukua kile kipande cha mgomba alichokitupa huko siku ya mgeni.

Kilipaswa kuwa kimeoza. Kilikuwa kibichi, kinatoa maji, na juu yake palikuwa na mkono. Dole gumba chini, vidole vinne juu, alama zimezama. Hakuna aliyekuwa amekishika. Aliingiza vidole vyake katika alama hizo, na mbele ya kila kidole ikabaki pingili nzima. Ndani ya alama ya dole gumba palikuwa na maji kidogo. Yalinuka tope na omena wa ziwani.

Akurut aliketi juu ya unga wa mbao.

"Okwara," aliita polepole, "umekubali kukishika?"

Uzi haukulia. Alikaa pale mpaka machozi yakakauka yenyewe, kisha akarudisha randa sandukuni na besi msumarini.

Kesho yake kanisani, Methuselah alimtazama mikono mitupu. "Besi yako iko wapi?"

"Si yangu, mwalimu."

"Basi kiti cha besi ni cha Quinton. Sitamwondoa tena, unaelewa?"

"Naelewa."

Quinton, kijana wa Butula mwenye vidole virefu, akapiga vizuri. Akurut akaimba pamoja na wanawake wa sauti ya pili, akikifinya kiganja chake kidogo nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Aliporudi Malaba, alimkuta Emorut amesimama katikati ya njia, sahani ya chakula mkononi, hajala.

"We dada, hiyo nyimbo umejifunza wapi? Sijawahi kukusikia ukipiga hivyo."

"Mimi ndio natoka kanisani, Emorut."

Emorut aliangalia kufuli. Lilikuwa limefungwa. Hakutania.

Akurut alifungua. Sakafuni, chini ya msumari, palikuwa na kidimbwi cha maji. Alishika shingo ya besi mahali dole gumba linapokaa. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichoachwa sasa hivi na mkono ulioshiba kupiga.

Akachukua tambara, akafuta maji, akaiacha shingo na upana wake.