Meno ya Wageni

Mtoto wa kiume wa dada yangu mkubwa alinipigia simu Jumatano kuniita kwenye kikao cha familia. Mama yake, alisema, akili zimemruka. Anasahau sufuria motoni, analia bila sababu, na amemshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kushoto.

"Halafu kila asubuhi, mama mdogo, anauliza wageni wanakuja lini. Na hatujaalika mtu."

Kikao kilipangwa Jumapili, ajenda moja tu: aachishwe kushona, na cherehani yake apewe mpwa wa mkwe wetu, mke wa kijana huyo. Dada yangu ameshona tangu tukiwa wasichana. Kumnyang'anya cherehani ni kumzika huku bado anapumua. Nikafunga mkoba, Ijumaa nikafika bila kumwambia mtu.

Nilimkuta sebuleni amekonda, shingo imebaki mishipa mitupu. Aliponiona alipiga makofi. "Mgeni huyo," akasema, kisha akageuka kulitazama kabati la vioo.

Mchana mkwe alimletea chai isiyo na maziwa na vipande viwili vya mkate mweupe. Dada alichovya, akamumunya, akamaliza. Jioni ukaja uji mweupe wenye sukari. Kesho yake asubuhi, chai na mkate tena. Mimi nimepika katika jiko la hospitali miaka ishirini na sita, na sahani ya mgonjwa naisoma kama karani anavyosoma barua. Nikauliza chakula hicho kimeanza lini.

"Tangu mwaka jana," mkwe alisema. "Si hana meno, mama mdogo? Nyama hawezi, maharage yanamshinda. Chai ndiyo inapita."

"Na yale meno ya bandia aliyotengenezewa?"

Akatoa ufunguo kwenye pindo la nguo. Alifungua kabati la vioo na, katikati ya glasi za miguu mirefu na birika ambalo halijawahi kuonja chai, akachomoa kopo lenye kitambaa. Ndani yake mlikuwa na meno ya dada yangu, yanang'aa.

"Alikuwa anayaacha ovyo," akaeleza. "Vitu vya maana tunaviweka hapa. Tunamvalisha wageni wakija."

Mwaka mzima mwanamke mzima anaishi kwa mkate na sukari, ili siku ya wageni atabasamu vizuri kwenye picha. Na swali lake la kila asubuhi, lile walilokuwa wakiliita wazimu, lilikuwa swali la mtu mwenye njaa. Wenyewe walimwambia atavaa meno siku ya wageni, kisha wakasahau kwamba walimwambia. Sasa msahaulifu wa nyumba hii alikuwa nani?

Nilimwita mwanangu yule aliyenipigia simu, nikamwambia kikao hakuna. Kitakuwepo nikisema mimi.

Jumatatu tukampeleka dada hospitali. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alimgeukia kijana na kumuuliza mama anakula nini. Mwanangu akataja chai na mkate. Daktari akasema damu imepungua, na vitamini moja tunayoipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa imekaribia kwisha kabisa. Mtu akiikosa muda mrefu husahau, hukosa raha, hata miguu hufa ganzi.

"Si kila usahaulifu unatokana na chakula," alisema. "Lakini kabla hamjamwita mtu kichaa, angalieni kwanza sahani yake."

Aliandikiwa sindano. Meno yalikuwa yakimcheza mdomoni kwa sababu ya kukonda, fundi wa meno akayarekebisha. Mimi nikahamia jikoni. Niliponda maharage, nikachambua samaki mwiba mmoja mmoja, nikakatakata mboga za majani nyembamba kabisa, na yai halikukosekana. Mkwe alisimama mlangoni akinung'unika kwamba yeye hakujua. Nikamuuliza ni kutojua gani huko kunakofungwa kwa ufunguo.

Sitadanganya kwamba dada amerudi vile alivyokuwa. Majina mengine bado yanampotea. Lakini wiki ya tatu aliacha kulia, na wiki ya saba nilimsikia akimgombeza mteja aliyeleta kitambaa kifupi akitaka gauni refu. Nikajua dada yangu yupo. Nikaitisha kikao.

Tulipokaa, yeye ndiye aliyeanza.

"Ile karatasi uliyokuwa unaandika kila nikiongea," alimwambia mwanawe, "ilete."

Kijana alidhani mama yake hakuwahi kuiona. Aliileta. Ilikuwa orodha ya wazimu wa mama, siku baada ya siku, aliyoiandaa kwa ajili ya kikao kile cha kwanza. Dada akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kila neno likitoka kamili.

"Jumatatu, ameuliza wageni wanakuja lini. Jumanne, ameuliza wageni. Jumatano, amelia, hakuna sababu. Alhamisi, ameuliza wageni."

Mkwe alifungua pindo la nguo, akauweka ufunguo mezani bila kuombwa. Dada hakuugusa. Aliigeuza karatasi upande mweupe, akachukua penseli na kuanza kuchora kola ya mteja wake.

"Alhamisi pia nililia," akamwambia mwanawe bila kuinua macho. "Hiyo hukuandika."